Tumuuzie nani?

Fundi aliuvuta mkanda wa kiti cha dereva polepole, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Ukatoka shubiri moja, mbili, ukafika pale watu wanapoachia. Yeye hakuachia. Aliuvuta mpaka ukagoma, mpaka kile kipande cha mwisho ambacho hakuna dereva anayekifikia, awe mnene awe mwembamba. Akakigeuza juani ili nione.

Palikuwa na mstari. Rangi yake ya chai ya maziwa, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na chini yake vumbi laini limegandamana na nyuzi.

"Hii imeoga," akasema. "Iliingia maji."

Akapiga goti, akabandua raba ya mlangoni, akapenyeza mkono chini ya zulia hadi kwenye kiwiko. Alipoutoa, vidole vilikuwa vinang'aa. Akaninusisha. Harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni siku tatu. Huo ulikuwa mwezi wa saba, na mvua kubwa tulikuwa tumeiacha nyuma Mei.

Dalali aliyelileta gari hakubisha wala hakuapa. Alitazama simu yake, akatazama barabarani, kisha akasema, "Basi nawapunguzia laki moja."

Laki moja.

Nikamgeukia fundi. Ni mtu ninayemwamini, ameshika magari yangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Akapandisha mabega. "Ukiianika vizuri itatembea. Mwaka, mwaka na nusu. Kaskazi ikiingia ishakauka, harufu hakuna. Muiuze."

Nami nikaanza kupiga hesabu kichwani. Sitaki kulificha hilo, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Mpwa wangu, mwenye miaka 19, ambaye gari lilikuwa linatafutwa kwa ajili yake, alikuwa amesimama kando chini ya mkungu, daftari lake kifuani. Akauliza bila ukali wowote, kama anayeuliza bei ya unga:

"Tumuuzie nani, mjomba?"

Nikamwambia twende zetu. Hii ni wiki ya sita, na swali lile halijanitoka.

## Keki ya Mtwapa

Mpwa wangu anaoka keki. Alianza kwa dada yangu, Mishomoroni, hapa Mombasa, akiwa kidato cha tatu, na oveni ya kuazima iliyokuwa ikiunguza upande mmoja, akawa anaigeuza sinia kila dakika kumi. Leo ana wateja Nyali, Bamburi, mpaka Mtwapa. Nusu yao hajawahi kuwaona sura, wanamjua kwa simu tu.

Mwezi wa nne alipewa keki ya nikahi, ghorofa tatu, ya kupelekwa Mtwapa. Alipanda tuktuk, keki mapajani, dada yangu ubavuni akiwa ameishika kwa upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mashimo yote ya barabarani yamejaa maji, hujui lipi kina chake ni cha kidole na lipi ni cha goti. Walipofika, ghorofa ya juu ilikuwa imezama ndani ya ile ya kati. Akaomba kisu na nafasi jikoni kwa watu, akaijenga upya kwa krimu huku kina mama wa arusi wakimpita na masinia ya pilau. Wakamlipa nusu.

Jioni ile alikuja kwangu. Shikamoo mjomba, marahaba mamangu, akakaa, hakunywa chai.

"Nataka kununua gari."

Hakusema naomba. Alifungua daftari akanionyesha: 190,000, akiba ya miaka miwili na nusu, kila keki na tarehe yake. Zamu ya mama yake kwenye chama cha kuchangiana ingemletea 130,000. Mimi nikaahidi 100,000. Jumla 420,000.

Nilisema nitamsaidia kutafuta. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kutafuta namna ya kumchelewesha.

## Meli twaziona

Ukivuka feri ya Likoni asubuhi utaziona meli zinazoleta magari zikiingia Kilindini, ndefu, zimefungwa pande zote kama jumba lisilo na madirisha. Magari yanashukia mlangoni petu. Watu wa bara wanadhani kwa hiyo sisi twayapata bure.

Lakini sheria ya miaka minane imebana: mwaka 2025 gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 lilikuwa haliingii. Juu ya bei ya Japani kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, kuna ushuru mwingine, kuna VAT ya asilimia 16. Kigari kidogo kabisa, kikishatoka bandarini, kimeshapita milioni. Msichana mwenye 420,000 anakitazama kikipita tu.

Kilichobaki ni magari yaliyoingia zamani, yenye nambari za KB au KC za mwanzo. Vitz, Passo, Demio, March. Yamekaa hapa miaka kumi au zaidi na yamepita mikono mitatu minne. Mmoja alikuwa akichelewesha oili. Mwingine alilipigisha ukingo wa barabara akanyoosha rimu kwa nyundo. Wa tatu alikuwa akiegesha karibu na bahari, chumvi ikala chini polepole, kutu ambayo huioni mpaka ulale kifudifudi na tochi. Wote hawapo siku unapolinunua. Yupo dalali, na gari limepigwa polishi mpaka unajiona uso kwenye boneti.

Fundi ana neno lake kwa magari yanayotangazwa kila siku kwenye simu kwa herufi kubwa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwezi wa tano na wa sita tuliyaona yanayojitembeza, kumi na moja.

## Orodha mbili

Usiku mmoja nilikaa nikaandika ninachotaka gari liwe nacho. Breki za ABS. Mifuko ya hewa, ya dereva na ya abiria. Mikanda yote ifanye kazi. Matairi yasiwe ya zamani, na nilimfundisha kusoma zile tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa jua letu hili mpira huchakaa hata kama meno bado yamesimama.

Yeye alikuwa na orodha yake. Viti vya nyuma vilale chini kabisa, bila ngazi. AC iwe baridi kweli, kwa sababu krimu ya siagi huanza kulegea kabla hujafika Bombolulu. Shoki za nyuma ziwe laini. Mlango wa buti ufunguke mpaka juu, usimgonge kichwa akiwa ameshika keki kwa mikono miwili.

Rangi: yoyote.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye juu ya rimu na spika. Hakuna aliponipa nafasi.

Orodha yake ilikuwa ya kazi. Yangu, nikiitazama leo, ilikuwa ya hofu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Nami sihitaji shirika kuniambia. Nilikuwa na miaka 22 nilipombeba rafiki yangu wa shule kumpeleka makaburini, na barabara iliyomuua ni hiyohiyo ya Malindi ambayo mpwa wangu hupelekea keki. Miezi ile nilikuwa nikitafuta gari huku nikiomba lisipatikane. Kila lililokuwa na kasoro ndogo nililikataa kwa furaha niliyoificha.

Leseni alikuwa nayo tangu 18. Mazoezi hakuwa nayo. Kwa hiyo kila Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nilimpa gari langu. Tulianzia Mama Ngina Drive kabla watu wa mihogo na madafu hawajafungua, tukapanda hadi mzunguko, tukatoka kwenda Daraja la Nyali. Jumapili ya tano, katikati ya daraja, matatu ilimkata mbele bila taa wala honi. Mguu wangu ulikanyaga breki ambayo haipo upande wa abiria.

Yeye alishapunguza. Akaacha nafasi. "Pita baba," akasema, kwa sauti ya chini, akaendelea.

Siku hiyo niliacha kuomba lisipatikane.

## Shilingi 550

Gari la kwanza kulitaka kwa dhati lilikuwa Passo moja, Changamwe. Safi, halijanyooshwa popote, injini inalia kama cherehani. Mwenyewe kijana mpole, ana sababu nzuri ya kuuza, ana chai. Alitaka tumtumie elfu ishirini kwa simu "ya kulishikilia", maana kuna mtu mwingine anakuja saa nane.

Kila mara kuna mtu mwingine anakuja saa nane.

Nilimwambia mpwa wangu atoe simu, aingie kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri wa barabarani, aandike nambari ya gari, alipe shilingi 550. Jibu likaja tukiwa bado tunakunywa chai. Wenye gari ni wawili: kijana, na mkopeshaji. Deni halijaisha. Angetuuzia, angetupa funguo, na mwenye pesa zake angekuja siku moja kulivuta kwenye geti la dada yangu na sheria iko upande wake.

Kijana alisema hilo ni jambo dogo, atalimaliza mwisho wa mwezi. Huenda alikusudia hivyo. Tulimshukuru kwa chai.

Ninalitaja hili kwa sababu ya kile kitufe cha 550. Nilimfunza mpwa wangu kukitumia nikijiona mjuzi. Nitakirudia kitufe hicho mwishoni.

## Chini ya gia

Basi turudi chini ya mkungu.

Hesabu niliyokuwa nikipiga ilikuwa hivi. Gari lilikuwa linauzwa 410,000. Ukiondoa laki moja linabaki 310,000. Kulivua viti na zulia na kulianika, fundi atataka kama elfu kumi na tano. Linabaki karibu laki moja mkononi, ambayo ni mtaji: oveni kubwa, au mashine ya kukoroga. Atumie gari mwaka na nusu. Januari, upepo wa Kaskazi ukiwa umelikausha kila pembe, tunaliweka sokoni kwa laki nne. Anapata faida. Niliiona hesabu ile ni nzuri. Niliiona ni ya mjomba anayejua mambo.

Baada ya dalali kuondoka na gari lake, fundi alinieleza jambo ambalo hakulisema mbele yake. Katika magari mengi, kikompyuta kinachoamuru mifuko ya hewa ifunguke kimefungwa sakafuni katikati, chini ya pale gia inapokaa. Maji yakiingia mpaka zulia lilowe, kile kikasha kinaloa kabla ya redio, kabla ya kitu kingine chochote unachokiona. Nyaya zake huanza kuota kijani kwenye viungio. Mwezi, miezi mitatu. Siku ukigonga ndipo unajua.

"Uliitazama taa yake ulipowasha?" akaniuliza.

Sikuitazama. Ukifungulia swichi, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi inapaswa kuwaka sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka kuna hitilafu. Katika gari lile haikuwaka kabisa. Mtu aliinyamazisha.

Kwa hiyo kitu nilichokiandika karibu na juu kabisa ya orodha yangu, kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, kilikuwa kimekufa maji, na mimi laki moja ilinitosha nisikiulizie. Kisha, nisipomuua yeye nacho, nilikuwa tayari kumkabidhi mwingine.

Huyo mwingine ndiye aliyeulizwa na mpwa wangu. Hakuuliza tutaliuza bei gani. Aliuliza mtu.

## Mkono ndani ya nafaka

Usiku wa siku ile, baada ya Isha, ilinijia hadithi ambayo kila aliyepita chuo cha Kurani anaijua. Tuliisoma kwa sauti, wote pamoja, tukiyumba, na maalimu na bakora yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye nafaka, nini hiki? Akajibu, imenyeshewa na mvua. Akamwambia, mbona hukuiweka juu watu waione? Mwenye kughushi si katika mimi.

Imenyeshewa na mvua.

Nililala nikiuona mkono wa fundi ukitoka chini ya zulia. Lakini haikuwa dalali aliyenijia usiku ule. Ni mtu mwingine kabisa, na yeye ndiye niliyemzunguka kwa maneno yote haya.

Mwaka 2011 nilikuwa na Corolla, ile tuliyokuwa tukiiita wan-ten. Injini yake ilikuwa inakula maji. Gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasipenye ndani ya injini, ilikuwa imeanza kuungua. Asubuhi gari linawaka vizuri kabisa, ukilitembeza nusu saa kwenye joto, mshale wa joto unapanda, rejeta inatokota. Kutengeneza kulikuwa na gharama ambayo sikuwa nayo, au niseme kweli, ambayo sikutaka kuitoa kwenye gari ninaloliuza.

Alipatikana mnunuzi, mtu wa Ukunda. Nilimwambia aje asubuhi mapema. Alikuja na feri ya alfajiri, na mke wake, na mtoto wa kama miaka mitatu aliyependa honi. Nilikuwa nimeshajaza maji. Tulizunguka Kizingo dakika kumi, barabara tambarare, upepo wa bahari, mshale umetulia. Mke wake alikaa nyuma akisoma dua kimyakimya, akalipuliza gari. Mume akahesabu 280,000 mara mbili juu ya boneti. Tukaandikiana karatasi, nikatia saini fomu ya kuhamisha umiliki, nikampa na kitabu cha gari.

Alipokuwa anafunga mlango nilimwambia, "Kila asubuhi angalia maji."

Miaka kumi na minne nimekuwa nikijiambia kwamba nilimwambia.

Ni maneno ambayo ungemwambia mtu yeyote kuhusu gari lolote, na ndiyo maana niliyachagua. Aliyapokea kama wema. Aliniambia ahsante, Mungu akuzidishie. Kutoka Likoni hadi Ukunda ni safari ya zaidi ya kilomita ishirini, na jua lilikuwa linapanda.

Sijawahi kumsimulia mtu jambo hili, hata mke wangu. Kwa miaka mingi halikunisumbua. Nilihisi nimefanya kile ambacho kila mtu anafanya, maana na mimi lile gari nililinunua likiwa na siri zake. Hivyo ndivyo gasketi inavyosafiri kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akimpa mwenzake asubuhi na mapema.

## Bi mkubwa wa Tudor

Gari tulilipata mwisho wa Julai, na ninaona haya kidogo kwa jinsi lilivyopatikana kwa urahisi. Vitz ya 2007. Mwenyewe ni bi mkubwa, muuguzi mstaafu, anakaa Tudor, macho hayamruhusu tena kuendesha usiku. Hakutangaza popote. Alimwambia mteja mmoja wa keki, mteja akamwambia mpwa wangu.

Alitukaribisha kwa maji ya ndimu. Kabla hatujaenda uani alikohifadhi gari alitukalisha akasema, "Ngojeni kwanza niwatajie maradhi yake."

Akayataja kama anayekabidhi wodi. AC inachukua dakika kumi kupoa. Mlango wa nyuma kushoto uligongwa na tuktuk mwaka 2019, ukapigwa rangi, na rangi haikufanana sawasawa. Kioo cha abiria hushuka lakini kupanda mpaka ukisaidie kwa mkono. Shoki moja ya nyuma imechoka. Risiti zote zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, mpaka ya betri.

Fundi aliivuta mikanda yote mitano hadi mwisho. Safi. Taa ya mifuko ya hewa ikawaka, ikazima. Mpwa wangu akalaza viti, akatoa futi ya ushonaji mkobani, akapima. Bei akaizungumza mwenyewe. Mimi nilitoka nje nisiwe kikwazo. Kutoka 430,000 wakafika 405,000, na bi mkubwa akamwagiza keki ya ndimu juu yake.

Kuhamisha umiliki kulifanyika palepale sebuleni: muuzaji anaanza kwenye akaunti yake, mnunuzi anakubali kwenye yake. Bi mkubwa hakuwa akiiona simu vizuri, kwa hiyo mpwa wangu alikaa miguuni pake akimsomea kila mstari kabla hajabonyeza. Niliwatazama wale wawili, na sikupenda nilichokuwa nikikihisi. Nilikuwa nikimwonea wivu yule mama. Anaweza kukutana na mpwa wangu popote mjini, sokoni Kongowea, msibani, na asigeuze uso.

## Karatasi ya 2011

Wiki iliyopita nilitafuta ile karatasi ya mauziano. Ilikuwa kwenye bahasha pamoja na vyeti vya chanjo vya watoto. Jina lake, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, na chini yake kwa mwandiko wake: Ukunda, karibu na stesheni ya matatu, duka la mbao.

Simu haipatikani. Nimeipiga mchana na usiku.

Ndipo nikakumbuka kitufe cha 550. Nilikaa na simu yangu, nikaandika nambari ya ile Corolla, ambayo sikujua kama bado ninaikumbuka, vidole vikaiandika vyenyewe. Nilitaka kuona tu kama ingali kwa jina lake, au ameshaiuza kwa mwingine, na mwingine. Nilitaka, nadhani, kuona kwamba iliendelea kuishi.

Jibu likaja. Mwenye gari ni mmoja. Jina ni langu, herufi kwa herufi.

Sheria ya Trafiki inampa mnunuzi siku 14 kuhamisha umiliki kabla hajaendelea kulitumia gari barabarani. Miaka kumi na minne imepita na fomu niliyotia saini haikufika popote. Nimejaribu kufikiri sababu. Mtu anaweza kusahau. Mtu anaweza kukosa ada kwa mwezi mmoja kisha akazoea. Au gari linaweza kufa mapema kiasi kwamba hakuna haja tena ya kulihamisha, na pesa zilizokuwa za ada zikaenda kwa fundi wa Ukunda. Hilo la mwisho ndilo linaloniamsha.

Jana nilimweleza mpwa wangu. Alikuwa amekuja kuniletea chapati kwa mama yake, kwa gari lake, ameliegesha vizuri, kinyumenyume. Nilimwambia yote, na asubuhi mapema, na dua ya yule mama, na "angalia maji". Aliniacha nimalize. Nilitarajia anihurumie au anikasirikie, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Hilo duka la mbao," akasema, "bado lipo?"

Sijui, nikamwambia.

"Jumamosi sina oda."

Nimetoa benki kiasi ambacho gasketi ile ingegharimu wakati ule, na nyongeza, nikakitia kwenye bahasha. Naona haya hata kuuandika ukubwa wake, maana si mkubwa. Sina maneno ya kumwambia nikimkuta; nimeyaandika mara tatu nikayafuta.

Mpwa wangu ameuliza tupite wapi, Dongo Kundu au feri, maana Dongo Kundu hakuna foleni na barabara ni mpya. Nimemwambia tupite feri, ya alfajiri. Ndiyo njia waliyopita wao.